Mama akisema "anasusa", amesema mangapi?

Najua nimepotea. Kwanza ilikuwa mitihani, halafu fildi, halafu bumu likachelewa, na mtu mwenye njaa haandiki. Sasa nimerudi, tena nimerudi na kitu ambacho kimenikaa rohoni tangu likizo. Ni kirefu kidogo, kwa hiyo kama una kipindi saa nane, nenda kwanza darasani, utasoma jioni.

Kisa kilianza hivi. Likizo ile ndefu nilipata kibarua cha kumsaidia mtafiti mmoja aliyekuwa anafanya kazi ya shahada yake. Mada yake ilikuwa wazazi wanaelewa kwa kiasi gani yanayoendelea kichwani na moyoni mwa watoto wao wadogo. Hakuwa anauliza kama mzazi anampenda mtoto, wala kama anamlisha vizuri. Alitaka kujua kama mzazi anamwona mtoto kuwa ni mtu mwenye mawazo yake, matakwa yake na hofu zake, na kama anajaribu kumsoma. Mimi nilikuwa na kazi mbili: kusaidia kutafsiri dodoso kwa Kiswahili, halafu kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuiweka kila kauli ya mzazi kwenye fungu lake. Malipo yalikuwa nauli na hela ya chakula cha mchana, lakini mwanafunzi wa mwaka wa tatu hachagui.

Nilidhani ni kazi nyepesi. Kiswahili nimezaliwa nacho, nitashindwaje? Wiki ya pili nilikuwa nimekaa na hedifoni masikioni natukana kimoyomoyo.

Niwaeleze kwanza vipimo vyenyewe, maana bila hivyo mtadhani nina ugomvi na sayansi. Sina.

Kipimo cha kwanza ni dodoso lililochapishwa mwaka 2017 na Patrick Luyten na wenzake. Lina sentensi 18 na ni la wazazi wenye watoto wa umri usiozidi miaka 5. Kila sentensi mzazi anaipa alama kuanzia 1, yaani sikubaliani kabisa, hadi 7, yaani nakubali kabisa. Sentensi zimegawanywa sehemu tatu. Sehemu ya kwanza inamtafuta mzazi anayeshindwa kuiona akili ya mtoto, mfano anayeamini kwamba kichanga kinalia makusudi ili kumkomoa. Sehemu ya pili inapima uhakika: je, unaamini kwamba siku zote unajua mwanao anataka nini? Hapo watunzi walitumia busara, kwa sababu kwao uhakika uliopitiliza si sifa, na kukosa uhakika kabisa nako si sifa. Sehemu ya tatu inapima udadisi, yaani kama huwa unajiuliza mtoto anawaza nini. Dodoso hili limeshatafsiriwa kwa lugha kadhaa, Kiitaliano na Kichina zikiwemo.

Kipimo cha pili kilianzia kwa Elizabeth Meins wa Uingereza katika miaka ya 1990. Hiki hakina namba za kuchagua. Mtoto akiwa mchanga, unamrekodi mama akicheza naye, halafu unahesabu ni mara ngapi mama ametaja mawazo au hisia za mtoto, na kama alichotaja kinaendana na anachofanya mtoto. Ukisema "unataka mpira" wakati mtoto kaukodolea macho mpira, umepata. Ukisema "umechoka" wakati mtoto anachekelea, umekosa. Mwaka 2001 Meins na wenzake walionyesha kwamba kauli hizo, mtoto akiwa na miezi 6, zinatabiri jinsi atakavyojisikia salama kwa mama yake akifika miezi 12. Mtoto akiwa mkubwa kidogo, mzazi anaulizwa swali moja tu: "Nieleze kuhusu mwanao." Anaongea, wewe unarekodi, halafu unahesabu ni sehemu gani ya maelezo yake inahusu akili na hisia, na ni sehemu gani inahusu tabia, sura au mambo mengineyo.

Na msidhani ni mchezo. Mwaka 2018 Claire Hughes na wenzake walilinganisha familia za Uingereza na za Hong Kong. Wazazi wa Uingereza walizungumzia zaidi akili za watoto wao, na watoto wao walifanya vizuri zaidi kwenye majaribio ya kuelewa kwamba mtu mwingine anaweza kuamini jambo lisilo la kweli. Tofauti kati ya wazazi ilieleza sehemu ya tofauti kati ya watoto. Kwa hiyo kuna kitu cha kweli kinapimwa pale.

Sasa njooni huku kwetu.

Kuna mama mmoja, ana genge la mboga, mtoto wake ana miaka minne (nimebadilisha mambo madogo ili asijulikane). Akaulizwa lile swali: mama, tueleze kuhusu mwanao. Akacheka kwanza. Halafu akasema hivi, na mimi nimeisikiliza rekodi mpaka nimeikariri:

"Huyu? Huyu msikivu sana. Ila ana kususa huyu! Ukimkatalia kitu anasusa, chakula hagusi, anakaa pale mlangoni anakuzuga eti anachezea mchanga. Ukimpita mara mbili bila kumsemesha, anakuja mwenyewe. Na bibi yake akiwepo, atadeka huyo! Bibi akiondoka tu, mtu mzima."

Nikafungua mwongozo. Msikivu: tabia. Anasusa: tabia. Anazuga: tabia. Anadeka: tabia. Kwenye fungu la akili na hisia, sifuri. Mama wa watu kaongea kwa furaha nusu dakika nzima, na kwa mujibu wa karatasi yangu hajui kama mwanae ana akili kichwani.

Hebu tulichukue hilo neno "kususa". Jaribu kumweleza mgeni asiyejua Kiswahili. Mtu akiwa ameshiba akakataa chakula, hajasusa. Akiwa mgonjwa akakataa, hajasusa. Ili niseme mtoto amesusa, lazima niwe nimeshaamua mambo matatu kuhusu kichwa chake: kwanza kwamba ameumia, pili kwamba anataka mimi nijue ameumia, na tatu kwamba anategemea nitakuja kumbembeleza. Tena chakula chenyewe anakitaka! Huwezi kulitamka neno hilo bila kuingia ndani ya mtoto, ukazunguka vyumba vyote, ukatoka. Sasa mtu anasema ni tabia?

"Kuzuga" ndo kabisa. Mama anasema mtoto anataka yeye aamini kwamba anacheza, kumbe hachezi, anamvizia. Yaani mtoto anajaribu kupanda jambo lisilo la kweli kwenye kichwa cha mama, na mama ameona. Si ndo kitu kilekile wanasaikolojia wanachokitafuta kwa majaribio yao ya vikaragosi? "Kudeka" nako ni hivyohivyo. Mtoto hadeki kwa mtu yeyote tu. Anadeka kwa anayejua kwamba anapendwa naye. Kusema "bibi yake akiwepo anadeka" ni kusema mtoto anajua nani atamvumilia na nani hatamvumilia.

Na "msikivu"? Kiswahili kina kitenzi kimoja, kusikia, kinachofanya kazi ya sikio (nasikia kelele), kazi ya mwili (nasikia njaa), na kazi ya utii (mtoto huyu hasikii). Mama akisema msikivu, anamaanisha mtoto anatulia, anaelewa unachotaka, halafu anakifanya. Hilo ni la akilini au la tabiani? Lugha yetu haijaukata mstari pale ambapo mwongozo umeukata.

Kwenye dodoso nako tulikwama. Tukitumia "kuhisi" kwa hisia, mtaani kuhisi ni kushuku. Mama mmoja alipoulizwa kama huwa anajiuliza mtoto wake wa mwaka mmoja anahisi nini, akajibu, "Mtoto wa mwaka mmoja amhisi nani jamani?" Tukabadilisha. Tukaweka "anachowaza", wengine wakasema mtoto mdogo hana mawazo, maana kwao kuwa na mawazo ni kuwa na msongo, kodi ya nyumba na madeni ya kikoba. Tukaweka "moyoni mwake". Hapo walau wakaelewa, lakini wengine wakaanza kusema ya moyoni anayajua Mungu.

Na zile namba 1 hadi 7! Bibi mmoja aliniuliza, "Mjukuu wangu, hii tatu na hii nne zina ugomvi gani?" Sikuwa na jibu. Wengi walichagua 1 au 7, au walisema "inategemea", na "inategemea" haina kisanduku.

Tena hiyo "anajua Mungu" isichukuliwe juujuu. Kwetu watu husema moyo wa binadamu ni kichaka. Kujigamba kwamba unajua kila kilichomo moyoni mwa mwenzio, hata akiwa mwanao, kunaweza kuonekana ni kukosa adabu. Na hatuko peke yetu. Mwaka 2008 wanaanthropolojia Joel Robbins na Alan Rumsey walikusanya makala kuhusu jamii za visiwa vya Pasifiki ambako watu husema hadharani kwamba haiwezekani, au si vizuri, kutaja kilichomo kichwani mwa mtu mwingine. Elinor Ochs naye, katika miaka ya 1980, alieleza kwamba huko Samoa mtoto akisema kitu kisichoeleweka, mkubwa hakisii alitaka kusema nini. Anamwambia arudie. Heidi Keller na wenzake walipolinganisha akina mama wa Nso, wakulima wa Kameruni, na akina mama wa tabaka la kati Ujerumani, waliona wa Ujerumani wakizungumza zaidi na vichanga kuhusu matakwa na hisia zao, na wa Nso wakizungumza zaidi kuhusu watu wengine, vitendo na yanayofaa kufanywa. Sasa mpe mama wa Nso kipimo cha kuhesabu maneno ya akilini. Unajua kabisa atapata ngapi.

Hapa kuna watu watasema, basi si wana alama ndogo? Tatizo liko wapi?

Tatizo ni lumbesa. Wote mnaijua lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu mpaka linataka kupasuka. Ukienda shambani ukahesabu magunia 10 ya viazi, na mwingine akahesabu magunia 10 sokoni, kwenye karatasi mko sawa. Kwenye mizani hamko sawa hata kidogo, kwa sababu gunia la huku si gunia la kule ingawa jina ni moja. Wataalamu wa takwimu wanalijua hili vizuri na wana hesabu zake. Kabla ya kulinganisha wastani wa nchi mbili, lazima uonyeshe kwamba maswali yanashikana kwa namna ileile kote, na kwamba wazazi wawili wenye uelewa sawa wangejibu sawa hata kama mmoja yuko London na mwingine Mbagala. Usipoonyesha hivyo, unalinganisha lumbesa na gunia la kawaida. Unatangaza tofauti ya akina mama, kumbe ni tofauti ya maswali.

Na saikolojia ina historia ya kupima upande mmoja. Makala maarufu ya mwaka 2010 ya Joseph Henrich na wenzake ilikumbusha kwamba asilimia 96 ya watu waliotumika katika tafiti za majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba fani hii ina mizizi hapahapa jirani. Mary Ainsworth, ambaye jina lake hakuna mwanafunzi wa saikolojia asiyelijua, hakuanzia Marekani kuwatazama watoto wachanga majumbani. Alianzia Uganda, mwaka 1954 na 1955, vijijini karibu na Kampala. Alitembelea familia 26 za Waganda, akiwa na mkalimani, akarudi tena na tena kwa miezi, anakaa, anatazama, anapiga soga. Kitabu chake kikatoka mwaka 1967. Na moja ya mambo yaliyoendana na usalama wa mtoto ni jinsi mama alivyokuwa mtoa habari mzuri kuhusu mwanae, yaani anakupa mambo madogo madogo bila hata kuulizwa, huyu analala hivi, huyu akimwona mgeni anafanya vile. Ainsworth hakuhesabu kama mama katumia neno "anafikiri". Aliangalia kama mama anamjua mtoto.

Mama wa genge angefaulu pale. Angefaulu sana.

Kuna mwingine, Robert Serpell, aliyefanya kazi miaka mingi na Wachewa wa mashariki mwa Zambia na kutoa kitabu mwaka 1993. Yeye aliwauliza watu wazima, katika watoto hawa, ungemtuma nani kazi fulani yenye uzito, na kwa nini huyo? Akakuta kwamba kwao akili ya mtoto, nzelu, haikamiliki kwa ujanja tu. Inahitaji pia kutumikila, yaani awe mtoto unayeweza kumtuma na ukamwamini. Sikilizeni hilo neno. Kutumikila. Si ndo kutumwa na kutumika kwetu? Na Sara Harkness na Charles Super walipoishi na Wakipsigis kule Kenya katika miaka ya 1970, waliambiwa mtoto mwenye akili za nyumbani ni yule anayeona kazi na kuifanya bila kuambiwa. Kumtuma mtoto ni kumsoma. Huwezi kumtuma dukani na noti ya elfu kumi kabla hujajua kama atasahau, ataogopa, au atanunua pipi.

Sasa niwape sababu ya kweli ya kuandika haya yote.

Mwisho wa likizo nilikwenda nyumbani Morogoro. Mama yangu si mtu wa maneno. Tangu nifike chuo nimekuwa nikisoma vitabu kuhusu wazazi wanaokaa na watoto wao na kuwauliza unajisikiaje, na nikawa na kinyongo fulani cha siri. Mimi sikuwahi kuulizwa. Nilishawaambia rafiki zangu kwamba mama yangu alinilea vizuri lakini hakunielewa. Mwaka wa kwanza nililiandika hilo hata kwenye asainmenti, nikapata alama nzuri.

Jioni moja tunachambua mchele, nikamfanyia utani. Nikawasha simu kurekodi, nikamuuliza kama mtafiti, "Haya mama, nieleze kuhusu mwanao wa kwanza."

Akasema, "Wewe? Wewe ulikuwa mtu wa kusema umeshiba."

Nikamuuliza ana maana gani. Hakuacha kuchambua mchele. Akanikumbusha nikiwa kidato cha pili, baba alipoachishwa kibarua na nyumbani tukawa tunapika mara moja kwa siku. Nikaanza kusema usiku kwamba nimeshiba, nimekula kwa rafiki yangu, ili wadogo zangu wapate. Nilidhani hakuna aliyejua. Mama akasema, "Nilikuwa nakutuma kwa mama yako mdogo kila jioni kupeleka kibakuli. Unakumbuka?"

Nakumbuka sana. Nilikuwa nalalamika. Kila jioni kibakuli, mara cha chumvi, mara kitupu eti narudisha. Na kila nikifika, mama mdogo anasema kaa kwanza, kula kidogo, usiondoke hivihivi, utanitia aibu. Nikawa nakula. Nilidhani mama mdogo ni mkarimu tu.

"Nilimwambia," mama akasema. "Ningekwambia wewe ule, ungekataa. Na ungejua kwamba nimejua, ungeona haya."

Nikazima simu. Nilikwenda nje kidogo.

Kwenye mwongozo wangu ile kauli ya kwanza, "mtu wa kusema umeshiba", ni tabia. Dodoso lingemuuliza kama huwa anajiuliza mtoto anawaza nini, angesema watoto wengi, kazi nyingi, nitajiuliza saa ngapi. Weka 2. Lakini mwanamke huyu alijua ninachowaza, alijua ninachodhani yeye anajua, na alijua itakavyoniuma nikigundua kwamba anajua. Akapanga jambo zima ili nile na heshima yangu ibaki. Kunyamaza kwake kulikuwa sehemu ya kunielewa. Miaka yote ile sijajua, na ndo ushahidi kwamba alifanikiwa.

Sasa msinielewe vibaya. Sitaki mtu atoke hapa anasema malezi ya kwetu ni bora na vipimo ni vya wazungu, tupa. Huo ni uvivu, tena una madhara. Mwenzangu wa chumbani, ambaye amenipa ruhusa niandike bila jina, baba yake alimwingiza masomo ya sayansi kwa sababu "mimi mwanangu namjua". Alimjua! Mtoto analia bwenini, anafeli, anaandika barua, baba anajibu mwanangu ni jasiri, atazoea. Chuoni amekula sapu mpaka nusura adisko, na hadi leo baba anasema tatizo ni marafiki. Yule baba angejibu 7 kwenye kila sentensi ya uhakika, na dodoso lingemkamata palepale. Kwa kimya cha wazazi kuna kimya cha mama yangu na kuna kimya cha mtu ambaye hajaangalia kabisa. Kwa mtoto aliye ndani ya nyumba, tofauti ya vimya hivyo viwili ni kubwa kuliko mambo mengi. Ndo maana nataka kipimo. Nataka kipimo kinachoweza kuvitenganisha, na hiki tulichonacho, kikitafsiriwa hivihivi, kinaviweka kapu moja.

Na si jambo la vitabuni tu. Desemba 2021 Serikali yetu ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ya miaka 2021/22 hadi 2025/26, na moja ya nguzo zake tano ni malezi yenye mwitikio, yaani mzazi kumsoma mtoto na kumjibu ipasavyo. Nguzo nzuri kabisa. Lakini ukitaka kujua kama imesimama, lazima upime. Ukipima kwa gunia la lumbesa utapata ramani inayoonyesha akina mama wa vijijini hawawaelewi watoto wao, halafu tutachapisha vipeperushi kuwafundisha kusema "naona umekasirika", na yule mwenye kibakuli atakaa mstari wa mbele kwenye semina afundishwe na mimi. Mimi niliyekula!

Maoni yangu ni haya. Kwanza, mafungu ya maneno yasitafsiriwe, yaundwe upya na watu wa lugha husika. Kaa na akina mama kumi, waulize kususa ni nini, kununa ni nini, kudeka ni nini, halafu ndo uamue kama ni tabia au ni akili. Pili, uliza matukio badala ya namba. "Mara ya mwisho mwanao alisusa lini, na ulifanyaje?" Jibu la swali hilo lina mtoto, mama na kilichopita kati yao. Tatu, usimuulize mama peke yake. Kwenye nyumba zetu mtoto anasomwa na bibi, dada mkubwa, mama mdogo. Kwangu mimi uelewa wenyewe ulikuwa umegawanywa nyumba mbili na kibakuli kimoja katikati. Nne, usilinganishe nchi na nchi mpaka uonyeshe kwamba gunia ni lilelile.

Nilimwandikia yule mtafiti haya yote, kasoro habari za mama. Ni mtu muungwana, alikubali turudie kauli zote zenye maneno manne: kususa, kununa, kuzuga, kudeka. Ni kazi ya usiku kucha na hakuna nyongeza ya malipo. Yule mama wa genge nimeshamhesabia upya. Kwa nusu dakika ile amepata kauli nne.

Kesho nina kipindi saa moja asubuhi na sijafua. Ukipiga simu nyumbani wiki hii, muulize mama au bibi yako ulikuwa mtoto wa namna gani, halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize.

Naomba kuwasilisha.